Kikao cha Saa Kumi na Mbili

Kwenye kiwanda cha sabuni alichokiongoza, walimpachika jina la Bi Chanzo. Mtambo ukizimika, fundi akaja mbio na mota mpya, yeye alimzuia mlangoni: "Chanzo ni nini?" Hakikubadilishwa kitu mpaka ajue kilichokiua kile cha zamani.

Mwili wake mwenyewe hakuwahi kuuuliza swali hilo.

"Presha imepanda tena," daktari alimwambia, akifungua mkanda wa kipimo mkononi mwa Bi Chanzo. "Nitakuongezea dawa."

"Juu ya zile zile?" Simu ilikuwa inatetemeka mkobani, na roho yake ilikuwa huko huko mkobani.

"Unalala?"

"Kwa vidonge."

"Mazoezi?"

"Nina mwalimu wa mazoezi. Ananijua kwa sauti tu, nikipiga kuahirisha."

Daktari hakucheka. Bi Chanzo akasimama, akaketi, akasimama tena. "Daktari, mota ikiungua kila mara, mimi siongezi mota. Natafuta kinachoiunguza."

"Basi kitafute, mama. Mimi nakuona robo saa. Siku nzima unaijua wewe. Na dawa usiache."

Maneno yale yalimkera njia nzima. Alipofika ofisini hakuketi. Alifuta ubao, akaandika "kichwa kinauma", akaanza kurudi nyuma kwa mishale. Kichwa kinauma kwa sababu hakulala. Hakulala kwa sababu ya kahawa na chakula cha kuchelewa. Alichelewa kula kwa sababu ya kikao cha saa kumi na mbili jioni, ambapo wakuu wote wa idara walimletea mambo ya siku nzima aamue. Na kikao kilikuwepo kwa sababu... Hapo kalamu ilikwama.

Naibu wake aliingia na mafaili, akautazama ubao. "Bosi, huu ni mtambo upi?"

"Ni mimi. Niambie, kwa nini mnaniletea kila kitu? Jana mliniuliza hata rangi ya mlango wa stoo!"

Naibu aliyahamisha mafaili kutoka kwapa hili kwenda lile. "Niseme?"

"Sema, bwana!"

"Tunakuogopa. Mkuu wa stoo aliagiza maboksi bila kukuuliza, ukamshushua mbele ya watu mpaka akalowa jasho. Na maboksi yenyewe hayakuwa na tatizo. Tangu hapo hakuna anayethubutu."

Aliikumbuka siku ile. Alikuwa hajalala, na kichwa kilikuwa kinapasuka. Mdomo ulimjaa majibu, lakini mkono ulishanyanyuka wenyewe, ukaandika "hasira" kando ya "hakulala", ukachora mshale kutoka hapo hadi kwenye kikao. Duara likajifunga. Uchovu ulizaa ukali, ukali ukazaa woga, woga ukazaa kikao, na kikao kikamrudishia uchovu. Dawa, vidonge, mwalimu wa mazoezi, vyote vilikuwa viraka.

Kesho yake alimwomba radhi mkuu wa stoo mbele ya wale wale, kisha akakivunja kikao. Kila mkuu aamue ya idara yake. Yakiwashinda, yaende kwa naibu.

Alidhani atapumua. Wapi! Jioni ya kwanza alifika nyumbani jua bado lipo, akapanga vikombe, akavipangua. Aliitazama simu, ilikuwa kimya, na kimya chake kilimuumiza kuliko mlio.

"Bibie, kaa chini, unanitia kizunguzungu," mumewe alisema.

Akachukua funguo za gari arudi kiwandani. Mumewe akavaa viatu. "Kama ni kwenda, twende kwa miguu."

Bi Chanzo alitangulia kama anayekimbiza kitu. Kupitia geti la kiwanda aliona mtambo mmoja umezimwa na mafundi wameufungua mzima. Leo Jumatatu, na oda kubwa inasubiri! Yeye asingeuzima. Vidole vilimwasha.

"Karibu, Bosi," mlinzi alisema, akianza kufungua.

"Napita tu." Neno lilitoka kwa shida kama jino.

Jioni zilizofuata waliendelea kutembea, ingawa si kuelekea kiwandani. Presha ilishuka kidogo, si sana. Vidonge vya usingizi daktari alimwachisha taratibu. Dawa za presha aliendelea nazo.

Siku moja mteja alipiga simu akifoka: mzigo umechelewa. Kuchelewa huko kulitokana na uamuzi wa naibu. Wakuu wa idara waliokuwepo ofisini walimtazama Bi Chanzo usoni, wakisubiri radi. Damu ilimpanda hadi masikioni. Alivuta kiti, akaketi.

"Utafanyaje?" alimuuliza naibu.

Naibu alieleza. Haikuwa njia ambayo Bi Chanzo angeichagua. Aliiona nyingine, fupi zaidi, ikimsubiri kwenye ncha ya ulimi.

"Fanya," alisema, akatoka haraka kabla hajabadili mawazo.