Mstari wa Tano

Kwa miaka minne Emérence aliandika risala za mazishi kwa kipimo cha kila familia. Ofisi yake ya kuchapa karatasi ilikuwa karibu na soko kuu la Kisangani. Watu walimletea maisha ya marehemu, naye akayapanga. Siku moja, katika orodha ya wafiwa, alimtaja kitinda mimba kabla ya kaka mkubwa. Ndugu hao walipigana mbele ya jeneza.

Tangu hapo aliacha risala. Alibaki na kazi moja: tangazo la kifo la redioni, fomu ya mistari saba, sawa kwa kila mtu. Sifa hazikuwamo, wala orodha ya ndugu. Fomu yenye mstari mtupu haikupokelewa.

"Yaya, Mungu alitoa amri kumi," Larissa, mdogo wake aliyeendesha mashine, alipenda kumtania. "Weye ulipunguza tatu."

Kazi iliongezeka. Tangazo lilikuwa tayari kwa nusu saa, na msomaji wa redio hakuuliza swali.

Alhamisi moja asubuhi aliingia Papa Ezéchiel, muuza chumvi wa Mangobo. Mkewe, Katungu Félicité, alikuwa katika mashua iliyopinduka karibu na Isangi siku kumi na mbili zilizopita. Miili ya wengine ilipatikana. Wake haukupatikana.

Emérence alijaza mistari minne. Kwenye wa tano, "Mwili umelazwa wapi", kalamu ilisimama.

"Pole sana, papa. Hapa sina kitu ya kuandika. Na mustari wa saba, saa ya maziko, nayo iko wazi. Bon, nitakuandikia tangazo ya pekee. Nitaeleza yote, muzuri."

"Hapana, mama."

"Nitafanya bure."

"Hata bure. Ya pekee ndiyo sitaki." Aliweka kofia yake mezani. "Bashemeji banasema Félicité alikimbia na mwanaume, iko Kinshasa. Ukimuweka mbali na bengine, batasema: munaona? Hata redio iko na mashaka. Alors, batakataa kuya ku maziko. Na batoto, kila siku saa kumi banaenda ku bandari kumungoya mama yao. Bamusome sawa marehemu bengine. Ni ile tu."

Wateja wengi walikuwa wamemwomba Emérence watoke nje ya fomu. Huyu aliomba kuingia.

"Mutazika nini, papa?"

"Mugomba. Kwetu, mutu akipotea mu mayi, tunakata mugomba wa urefu wake, tunaufunga na kitenge chake, tunauzika. Mugomba iko tayari. Lakini babebaji ni ndugu za Félicité. Bila bao, siwezi kuzika."

"Siku gani?"

"Jumamosi, saa nane."

Emérence aliandika mstari wa sita, nyumba ya kilio, kisha wa saba. Akarudi kwenye wa tano. Angeweza kulifuta swali lenyewe. Aliliacha kama lilivyokuwa, na chini yake akaandika: "Mtoni, Isangi."

Larissa alichukua karatasi, akahesabu mistari kwa kidole. Safari hii hakutania.

"Saba, yaya. Iko kamili."

Kesho yake adhuhuri redio ilimsoma Félicité kati ya mwalimu mstaafu na bibi mmoja wa Kabondo. Sauti ilikuwa ileile, mwendo uleule. Baada ya neno "Isangi" msomaji hakusita.

Jumamosi Emérence alifunga ofisi na kwenda makaburini. Tangu ule ugomvi hakuwa amehudhuria maziko ya mteja yeyote. Wanaume wanne walibeba mgomba mabegani, umefungwa kitenge cha manjano. Kwa mazoea alitazama mpangilio wao: kaka mkubwa wa Félicité alikuwa mbele, akilia bila kujifuta. Watoto watatu walifuata nyuma, na mdogo wao alishika pindo la kitenge mpaka ukingo wa kaburi.

Walipomaliza kufukia ilikuwa saa kumi. Mtoto mkubwa alitazama upande wa mto, akamshika baba yake mkono, na wote wakaelekea nyumbani Mangobo.