Muuaji wa Kipindi Kimoja

Jumapili mchana, siku moja baada ya kipindi chake kurushwa kwenye televisheni, mwigizaji alikuwa jikoni anamenya viazi mlango ulipobishwa. Mkewe akafungua. Nje walisimama wanawake ambao mumewe aliwaua kwenye tamthilia, wamevaa nguo zilezile walizofia.

"Karibuni," mkewe alisema. "Vueni viatu, nimetoka kupiga deki sasa hivi."

Haikuwa mara ya kwanza. Mwigizaji huyu alikula kwa kuigiza wauaji: kila msimu anapewa muuaji mmoja, anaua, anatiwa pingu kabla kipindi hakijaisha, basi. Marehemu wake huja, hukaa hadi jioni, huondoka. Mmoja aliwahi kumfundisha mkewe kushona.

Safari hii alikuwepo wa ziada. Hakupakwa damu ya rangi. Shingoni alikuwa na alama za vidole, na ndala zake hazikuwa jozi moja.

"Wewe sikukuua," mwigizaji alimwambia.

"Hukuniua, kaka. Aliniua mume wangu. Wakasema nimeteleza bafuni. Mwandishi wenu alizisikia habari zangu, akazifanya tamthilia. Hawa wenzangu muuaji wao kakamatwa, wana pa kwenda. Mimi sina."

Jioni wenzake wakaaga. Yeye akabaki kwenye kochi, anakohoa kama mtu aliyekosa hewa.

Asubuhi mwigizaji akaenda polisi kuripoti mauaji hayo. Askari wa zamu akamkumbatia, akawaita wenzake wapige naye picha.

"Kesi hiyo ilishaisha, mzee," alisema. "Nimeona kwa macho yangu. Ulikamatwa."

"Aliyekamatwa ni mimi. Sikuua mtu."

"Ndivyo mnavyosema wote!" Kituo kizima kikaangua kicheko.

Akatoka, akaenda dukani kwa yule mume, alikoelekezwa na marehemu. Alikuwa muuza vigae mpole, mtu ambaye kwa sura ungeapa hata sisimizi hamkanyagi. Akamvutia mgeni kiti. Naye alikuwa amekitazama kipindi.

"Umeigiza vizuri," alisema. "Ila pale shingoni, ndugu yangu, uliachia mapema. Mtu hafi upesi vile."

Nyuma ya kaunta mke mpya alikuwa anafuta vumbi. Joto lilikuwa kali, naye amejifunga skafu mpaka kidevuni. Mwigizaji alipomtazama, mwanamke aliinamisha kichwa, akaendelea kufuta palepale palipokwisha takata.

Mwigizaji akafungua kinywa. Maneno yaliyomjia yote yalikuwa ya wauaji. Ndiyo pekee aliyowahi kuandikiwa. Akaaga, akaondoka.

Nyumbani marehemu alikuwa anamsubiri.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Kaoa?"

"Kaoa."

Marehemu alijisogeza hadi ukingoni mwa kochi, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Mke wa mwigizaji aliitazama ile nafasi, kisha akaingia chumbani kutafuta shuka la pili.