Mbuzi wa Radhi

"Onyesha," Mkurugenzi alisema. "Alikushika wapi? Na wapi tena? Précisez, citoyenne."

Raia Émérence alikuwa amesimama kwa sababu hakuna aliyempa kiti. Viti vilikuwepo, ila vilikuwa vimekaliwa na waheshimiwa wa baraza la nidhamu la chuo, wote ndani ya abakosti, makoti ya Chama yasiyo na tai, zilizopigwa pasi, kila mmoja na beji ya Chama kifuani na tumbo la bia chini ya beji. Katikati yao, akichokonoa kucha kwa njiti ya kiberiti, alikaa Profesa Mulongo. Naam, mshtakiwa mwenyewe! Alikuwa mjumbe wa baraza, na kanuni, eti, haikumkataza mjumbe kuhudhuria kesi yake. Kesi ya panya, hakimu paka.

"Bengine balienda," Émérence alisema. "Minye nilibakia mu labo kusafisha vyombo, njo kazi yangu kila siku. Akafunga mulango. Akanishika huku, na huku. Akasema kama nakataa, examen nitaisikia tu ku radio."

Mjumbe mmoja alicheka, akajifanya amekohoa.

Ile kazi ya kusafisha vyombo hakuna aliyempangia kwa haki. Ilikuwa yake kwa sababu katika darasa zima la kemia ya madini msichana alikuwa yeye tu. Wavulana walipima mawe ya shaba, walichoma, waliandika majibu. Yeye aliosha mirija yao, mpaka asidi ikamla ncha za vidole. Alivumilia kwa ajili ya kitu kimoja: mtihani wa vitendo wa Alhamisi. Akifaulu, maabara ya Kompani, ile ya migodi ya shaba, ingemchukua, na mshahara ungekuwa wake, wa jina lake. Ndicho kitu pekee alichotaka katika mji mzima wa Likasi.

Mkurugenzi alifuta miwani yake kwa utaratibu wa mtu anayejipenda sana.

"Citoyenne, siye hatuko bazungu ya kupelekana ku tribinali. Chama ilisema turudilie mila ya bankambo. Authenticité! Citoyen Mulongo atakuja kwa baba yako na mbuzi ya kuomba radhi. Maneno itaisha mu famille."

"Na examen yangu?"

"Maneno ikiisha, utafanya. Nani anakukatalia?"

Mila! Watu hawa huongea Kifaransa hata na mbwa wao. Wakibanwa tu, ndipo huwakumbuka mababu.

Jumapili, baada ya misa, Profesa alifika mtaa wa Panda, kwenye nyumba ya Kompani aliyopewa Zéphirin, baba yake Émérence. Alikuja na kreti ya bia, kitenge cha Mama Gertrude, na mbuzi aliyemtoa Kapolowe, mnene, mwenye manyoya yanayong'aa. Aliinamisha kichwa. "Papa," alisema, "nilikosa."

Zéphirin alikuwa amezeeka kwenye matangi ya asidi. Wakubwa walimwita kwa namba yake ya kazi, au kwa mluzi. Leo mwenye digrii anamwita Papa, tena mbele ya majirani! Maskini, aliyeyuka palepale. Alipokea kamba ya mbuzi kwa mikono miwili.

"Ni bien, mwanangu. Maneno imeisha."

"Baba, muichinje leo," Émérence alisema kutoka mlango wa jiko. "Leo leo."

Kwao kila mtoto anajua. Mbuzi wa radhi huchinjwa siku ileile, pande zote mbili zikale nyama yake, na kosa liishe na mifupa. Mbuzi anayelala uani akiwa hai ni mbuzi mwingine kabisa. Huyo ni mali, mahari ya kufungulia mlango, na binti wa nyumba hiyo ameshashikwa.

Lakini Mama Gertrude alikuwa ameshaweka mkono tumboni mwa mnyama. "Iko na mimba hii! Nani anachinjaka mbuzi ya mimba? Ni zambi."

"Mama anasema kweli," Profesa alisema, akitabasamu. "Muiache izae."

Akanywa chupa moja ya bia aliyoileta mwenyewe, akaaga kwa adabu. Hebu mfikirie msomi huyu katikati ya zizi huko Kapolowe, anawakataa mabeberu, anapapasa matumbo ya majike mpaka ampate anayemfaa. Digrii yake ilimsaidia hapo.

Usiku ule Émérence aliomba tena, mbuzi achinjwe. Baba yake alikuwa ameshalewa. Mama alikuwa anahesabu wajukuu wa mbuzi.

Alhamisi asubuhi, mtihani ukiwa wa mchana, Mkurugenzi alimsimamisha Émérence kwenye korido na kumpa mkono.

"Félicitations, citoyenne! Kesi tuliifunga. Citoyen Mulongo alikuwa anaongea na muchumba wake. Iko mubaya gani?"

"Muchumba? Ile mbuzi ilikuwa ya radhi!"

"Mulichinja?"

Émérence aligeuza macho, akatazama mlango wa maabara.

"Basi. Iko inakula majani kwenu, baba yako aliikamata mbele ya batu. Sasa, bibi ya muntu hafanye examen bila bwana yake kuruhusu. Tulimuuliza."

Profesa Mulongo alikuwa nyuma yake, ananawa mikono kwenye bomba la korido, kwa sabuni, taratibu. "Minye naogopa ile asidi," alisema bila kugeuka. "Inaharibishaka tumbo ya mwanamuke."

Miaka yote aliyomwoshesha mirija, tumbo hilo halikumsumbua hata kidogo.

Émérence alikimbia mpaka nyumbani. Zéphirin alikuwa ametoka zamu ya usiku, anakula bukari, ugali wao, na samaki mkavu, amechoka, macho mekundu.

"Baba, turudishe mbuzi. Sasa hivi. Ni weye tu unaweza kuirudisha."

Zéphirin aliacha kutafuna. Alimtazama mbuzi nyuma ya jiko, kisha akatazama juu, kwenye paa.

"Ndugu mukubwa ya Profesa njo chef wa personnel ku Kompani, njo anagawaka nyumba. Hii nyumba si yangu, mwanangu."

"Profesa iko na bibi, Baba. Iko na batoto."

"Najua."

"Hanioe hata! Anataka tu maneno ife, na minye nifie humo ndani!"

"Najua, nilisema." Alinawa mikono, akaingia chumbani, akarudisha pazia. Mama Gertrude aligeukia sufuria zake. Kitenge kipya alikuwa amekivaa.

Basi Émérence mwenyewe akamfungua mbuzi. Kutoka Panda mpaka mjini alimvuta mbuzi yule, mzito wa mimba, anayesimama kila penye jani. Nje ya baa wanaume waligonga meza kwa kicheko. "Ee, muone! Mali inarudia na miguu yake!" Koti jeupe la maabara alilikunja chini ya kwapa lisishike vumbi.

Chuoni ngoma zilikuwa zinalia. Wanafunzi walikuwa wanaimba sifa za Chama kwenye uwanja wa bendera, kama kila siku kabla ya mtihani. Langoni alikuwepo Mathieu, zamu wa chuo, mlinzi mzee aliyezoea kumsalimia kila asubuhi kwa jina la ubatizo, ingawa serikali ilikuwa imeyapiga marufuku majina hayo. Alisikiliza, akaingia ndani kuuliza, akarudi akiangalia viatu vyake.

"Émérence, banasema mwanamuke harudishe mali. Ni kazi ya baba."

"Basi nifungulie niingie. Examen inaanza."

"Weye bwana yako hajaruhusu."

"Papa Mathieu!"

"Nitafanya nini? Minye njo nafunga mulango tu."

Émérence aliinyanyua kamba. "Na hii?"

Mathieu alijikuna shingo, akaangalia ofisini, akaangalia mbuzi.

"Ile ni ya Profesa. Ile inaingia."

"Kama inaingia, imerudi."

"Hapana. Banasema haijarudi. Imekuja kutembea."

Akaipokea kamba, akafungua lango kiasi cha upana wa mbuzi, akamvuta ndani, akalifunga tena kwa komeo. Wavulana walimpisha mnyama. Profesa Mulongo alipita na funguo za maabara, akainama, akampapasa tumbo, akaendelea na safari yake. Ngoma zikanyamaza. Wanafunzi wakajipanga mstari na kuingia, mmoja mmoja, na mlango wa maabara ukafungwa.

Émérence alibaki nje ya lango, koti lake bado liko chini ya kwapa. Ndani, chini ya bendera, mbuzi alianza kula majani.