Tyubu ya Kinyozi

Kinyozi alikuja kutoa pole kwa mara ya nne, na pole ya nne si pole tena, ni kudai. Alisimama mlangoni mwa karakana akizungusha kofia mkononi. Akamwamkia mama, aliyekuwa amekaa pembeni ya meza akishona vifungo, kisha akaniuliza mimi habari za kifua, habari za mvua, habari za panya. Muda wote huo macho yake yalikuwa mezani, kwenye tyubu ya televisheni yake.

"Dada, mimi sisemi kitu," akasema. "Ila wateja wananikodolea macho. Zamani walikuwa wanaikodolea televisheni, nami nanyoa kwa amani. Siku hizi kila anayekaa kwenye kiti ananifundisha kunyoa."

Siku nyingine ningecheka. Nilimwambia apite kesho kutwa, kama nilivyomwambia mara zile nyingine, naye akaenda zake. Mama hakuinua kichwa.

Sikuwa na uchungu wala hasira. Nilikuwa nimekufa ganzi tangu siku tuliyomzika mdogo wangu. Shangazi alinitazama msibani, akanong'ona kwa ule mnong'ono wake unaosikika hadi barabarani, kwamba huyu moyo wake jiwe, ndugu yake wa pekee na hata chozi la kusingizia hana. Nilimsikia, nikamwongeza chai. Nilikula, nikalala, nikapiga mswaki. Ungenichoma sindano ningekuuliza kama umemaliza.

Kazi yetu, mimi na mdogo wangu, ilikuwa kufufua tyubu za televisheni za kizamani, zile zenye kisogo kirefu. Ukiandika nje kwamba unatengeneza tyubu watu wanakuletea za baiskeli, kwa hiyo hatukuandika kitu, na wenye shida walitufikia wenyewe. Tyubu ikichoka, picha hufifia mpaka msomaji wa habari anabaki kivuli chenye sauti. Kinachochoka kwa kawaida si kioo cha mbele. Ni bunduki, ndivyo tunavyokiita kile kidude chembamba kinachokaa ndani ya shingo na kurusha mwali mbele. Unakata shingo, unatoa bunduki iliyochoka, unaunga shingo mpya yenye bunduki mpya, kisha unavuta hewa yote iliyomo mpaka ndani kusibaki kitu. Kukata na kuvuta hewa ilikuwa kazi yangu. Kuunga kwa moto ilikuwa kazi yake.

Kioo kikiiva kwa moto hulegea na kutaka kubonyea. Ndiyo maana anayeunga hubana mpira mwembamba midomoni, ncha ya pili imechomekwa kwenye tyubu, akapuliza taratibu ili kioo kisimame. Akizidisha, kinavimba kama shavu la mwenye jino bovu. Akipunguza, kinanywea, na hapo umekula hasara. Mdogo wangu hakuzidisha wala hakupunguza. Mtaa mzima ulimwita Mapafu, mpaka siku nyingine mama naye alisahau jina alilompa mwenyewe.

Siku yake ya mwisho aliunga bunduki ya kinyozi, akautema mpira, akafuta midomo kwa mkono wa shati. Ilikuwa bunduki ya mwisho kabatini. Kiwanda kilichokuwa kinazitengeneza kilishafungwa, na sisi tulikuwa tumetafuta nyingine hadi tukachoka kutafuta. Gesi ya tanuri la kupashia tyubu wakati wa kuvuta hewa ilikuwa imekwisha. "Dada, ziba hiyo isiingie vumbi," akaniambia. "Naleta gesi. Nikirudi tunaivuta." Nikaziba kwa kizibo cha mpira. Moyo wake ulisimama akiwa kwenye foleni ya gesi, na waliokuwa nyuma yake wanasema alishuka polepole, wakadhani anakaa kupumzika.

Halafu mdomo wangu ukaniponza. Msibani mama aliniuliza mwanawe alikuwa anafanya nini mara ya mwisho, nami kwa ile ganzi nikamjibu kama ninayemjibu mteja: kioo, moto, mpira, kupuliza.

"Alipuliza kwa mdomo wake?" mama akauliza.

"Kwa mdomo wake."

"Na wewe ukaziba?"

"Nikaziba."

"Kwa hiyo pumzi yake imo humo."

Mtu mwenye akili timamu angesema hapana, au angejifanya anaita mtu jikoni. Mimi nikasema, "Imo."

Tangu hapo mama alihamia karakana. Alifika kabla yangu asubuhi, akakalia kigoda cha Mapafu, akafuta vumbi kwenye tyubu kwa upindo wa nguo yake. Hakuisemesha, mama si mwehu. Alikaa tu. Lakini nilipoisogelea na bisibisi mkononi, alinitazama kama anavyomtazama paka aliyesogelea sufuria, nami nikarudi nilikotoka. Kazi nyingine hatukuwa nayo, basi tukawa tunakaa wawili, yeye na vifungo vyake, mimi na mikono yangu.

Alichokuwa hajui ni kwamba pumzi ina maji. Ncha ya bunduki imepakwa unga mweupe, na unga huo ndio uhai wake. Maji yakikaa nao, yanauharibu. Ningemweleza siku ya kwanza ile ile. Sikumweleza kwa sababu sikujali. Iharibike, isiharibike, kwangu ilikuwa sawasawa.

Asubuhi hiyo, kinyozi alipokwisha kuondoka, mama alienda kuchota maji ya kunywa. Mikono yangu ikajali kabla yangu. Ikawasha taa, ikashika lenzi, nikachungulia shingoni. Ndani ya kioo palikuwa na ukungu mwembamba, na unga wa bunduki ulikuwa umeanza kupata madoa upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa bado safi.

Mama akarudi na kikombe chake. "Unaifanya nini?"

"Mama, inaharibika."

"Imekaa tu hapo. Inaharibikaje?"

"Ukihemea kioo kinaingia ukungu, si ndiyo? Ule ni maji. Yanaila bunduki. Tukiiacha hivi haitawaka tena, na nyingine ya kuweka hakuna."

Mama akakaa, akachukua shati alilokuwa akilishona. Lilikuwa shati la Mapafu. Mashati yote aliyoyashona siku zile yalikuwa ya Mapafu, na hakukuwa na wa kuyavaa.

"Unataka kuniambia pumzi yake inaharibu kazi yake mwenyewe."

"Ndiyo, Mama."

"Na ukiivuta?"

"Itatoka yote. Hakitabaki kitu. Ndiyo kazi yenyewe."

Alikimaliza kifungo alichokianza, akakata uzi kwa meno.

"Mwanangu hakuwahi kurudishiwa kazi," akasema. "Hata moja. Sasa aje aharibikiwe na ya mwisho, tena ya kinyozi? Yule akijua jambo, hadi wenye vipara watajua." Akalikunja shati, akaliweka magotini. "Ikitoka, inatokea wapi?"

Nikamwonyesha pampu chini ya meza, na kile kibomba kifupi juu yake kinachotema hewa. Mama akakiangalia kibomba, kisha akateremka kwenye kigoda, akapiga magoti sakafuni, penye madoa ya mafuta, na ile miguu yake inayomlalamikia hata kwenye ngazi mbili. Sikumzuia. Nilitoa kizibo kwa kasi na kuchomeka bomba la pampu mahali pake, nikakaza. Kisha nikawasha pampu; tanuri lingengoja gesi.

Pampu ikakohoa, ikashika mwendo. Mwanzoni hewa hutoka nyingi, pamoja na moshi mwembamba wa mafuta ya moto. Mama alikuwa ameweka uso wake juu ya kibomba, macho wazi, nywele za mbele zikipepea kidogo. Mimi nilisimama kwenye geji nikiangalia mshale ukishuka.

"Inanuka mafuta," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyenyimwa kitu mlangoni.

"Ni pampu hiyo, Mama. Kila kinachopita humo lazima kinuke mafuta." Nikataka kuendelea kumweleza, maana maelezo ndiyo yaliyokuwa yamenibaki. Badala yake nikasikia nasema, "Naye alinuka hivyo hivyo."

Mama akavuta pumzi tena, safari hii ndefu. Akafumba macho.

"Kweli," akasema. "Sabuni zote nilizomaliza kwenye mashati yale." Kisha, bila kugeuka: "Njoo."

"Naangalia geji."

"Geji haina miguu. Njoo hapa."

Nikapiga magoti kando yake, kichwa changu kikagusana na chake, nikanusa. Mafuta ya moto, mpira, chuma. Hivyo ndivyo Mapafu alivyonuka akiingia ndani kila jioni, nami kila jioni nilimwambia aoge kabla hajagusa kiti. Ganzi ikaanza kuachia, na iliuma kama unavyouma mguu uliolaliwa damu inaporudi, kwanza kidogo, kisha kupita kiasi. Nililia kwa sauti mbaya ambayo shangazi angeipenda. Mama alinishika shingo kwa nyuma, hakuniambia ninyamaze.

Kinyozi alikuwa ameusikia mlio wa pampu toka ng'ambo ya barabara. Akafika mbio, wembe mkononi, bila shaka amemwacha mtu kitini na shavu moja. "Inavutwa?" akaanza kusema kwa furaha, kisha akatuona chini ya meza. Akarudi hatua moja.

"Nije baadaye?"

Mama hakuinua uso wake pale kwenye kibomba. "Kaa hapo hapo mlangoni, baba," akasema. "Mwanangu bado anatoka."

Kinyozi akaukunja wembe, akakaa kizingitini.