Pikipiki ya Mahari

Nyanjige alimwonya mumewe mapema, tena mbele ya mashahidi. Ilikuwa mwaka themanini na sita, siku ukoo wa mzee Mhoja ulipokuja Bariadi kutoka Kasoli kumposa Scola, binti wa Nyanjige, kwa ajili ya kijana wao Januarius. Wageni walitaja ng'ombe ishirini. Baba wa binti, Ngassa, fundi wa mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba, mtu mzima mwenye akili zake, akasema atapokea kumi na wawili tu, na badala ya wale wanane apewe pikipiki ya Mhoja. Wazee walicheka wakidhani ni utani wa wakwe. Nyanjige, aliyekuwa mlangoni pa jiko, hakucheka.

"Ng'ombe huzaa," alisema. "Hiyo itazaa nini?"

Ngassa alikuwa na mapenzi tu. Pikipiki yenyewe ilikuwa BSA ya Kiingereza, ya silinda mbili, iliyoachwa na Mzungu mmoja wa pamba alipofunga virago baada ya Uhuru. Mhoja aliinunua kwa ufahari lakini hakujua hata kubadilisha plagi, kwa hiyo kwa miaka zaidi ya ishirini ni Ngassa aliyeihudumia. Alijua kwamba pistoni zake mbili hupanda pamoja na kushuka pamoja, lakini huwaka kwa zamu, na kwamba ukiitega vizuri magneto yake, kile kitoa cheche, injini itawaka kwa kiki moja asubuhi ya baridi. Alijua nati zake hazikubali spana yoyote ya madukani, akazitunza zile spana za zamani ndani ya soksi. Watu hupofushwa na mengi. Yeye alipofushwa na mlio.

Ndipo mambo yakageuka. Kiwanda kilianza kulala siku mbili kwa wiki, kisha nne. Ikaja ruksa ya biashara huria, wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, na mafundi wazee wakapunguzwa kazini kwa barua ya mistari mitatu. Ngassa alirudi nyumbani na barua yake na pikipiki yake. Kwa kuwa bei ya oili mpya ilikuwa haishikiki, akaanza kuinywesha oili chafu iliyomwagwa na malori, akiichuja kwa kitambaa na kujiambia kwamba itasaidia kwa muda. Alijua anachofanya. Mtu asiyejua angesamehewa, lakini Ngassa alijua, na mwaka wa tisini na mbili injini ilianza kugonga kwa ndani. Akaizima, akaifunika turubai.

Februari ya mwaka tisini na nne Scola alirudi kwao na mtoto wa miaka minne mgongoni, na mkono wa kushoto umevunjika kifundoni. Januarius alimpiga kwa mpini wa jembe. Haikuwa mara ya kwanza, ila mara zile nyingine alipigwa mahali panapofunikwa na nguo. Mkono ulipona ukiwa umepinda. Kwenye ofisi za serikali waliambiwa wakayamalize kwanza kifamilia, na kifamilia maana yake ni banamhala, wazee wa pande zote mbili, waliokaa siku nzima na kutoa uamuzi usio na kona: mwanamke ataachwa huru na mtoto atamfuata mama yake, mahari yote ikirudi. Isiporudi ifikapo mwanzo wa mwezi wa saba, Scola atarudi kwa mumewe.

Ng'ombe kumi na wawili walipatikana, wakarudishwa Kasoli. Usiulize walivyopatikana, kuna ndugu wa Ngassa ambao hadi leo hawamsalimii. Lakini alipoomba kulipa ng'ombe wengine wanane badala ya pikipiki, ingawa hakujua angewatoa wapi, wazee wa Kasoli walikataa. Ng'ombe hulipwa kwa ng'ombe, walisema, hata rangi yake haiulizwi. Pikipiki ile ni moja tu. Irudi yenyewe, ikinguruma kama ilivyoondoka.

Usiku ule Ngassa alimwambia mkewe, "Nilimuuza mwanangu kwa chuma." Nyanjige hakumkumbusha maneno yake ya mlangoni, na hilo lilimuumiza kuliko kama angemsimanga.

Akaifungua injini. Kilichokufa kilikuwa bushi ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni: pete ya shaba ngumu isiyozidi upana wa vidole viwili. Ndani ya bushi hiyo ndimo oili hupita kwenda kwenye shingo za pistoni. Ikilika, oili humwagikia pembeni, na shingo hukauka. Akaitia mfukoni akaenda kwa Sadick, mwenye duka la spea sokoni. Zamani duka lile lilikuwa na rafu tupu na kalenda. Sasa vitu vilikuwa vimejaa hadi vinaning'inia darini.

Sadick aliigeuzageuza ile bushi, akaipima kwa jicho.

"Mzee wangu, hapa nina ya Honda, nina ya Yamaha, nina ya Mchina. Hii yako ni ya nani?"

"Ya Mwingereza."

"Huyo aliondoka." Aliirudisha taratibu, maana aliijua habari ya Scola, Bariadi nzima iliijua. "Nimeshauliza Mwanza mara mbili kwa ajili yako. Wananiuliza kama hiyo pikipiki ni ya makumbusho."

Mfa maji haachi kutapatapa. Juni ilipofika katikati, Ngassa alimwendea Joakim, mkereza vyuma waliyefanya kazi pamoja, aliyebakishwa na mwenye kiwanda mpya. Alimpelekea koki tatu za bomba, za shaba, alizozing'oa kwenye nyumba yake mwenyewe. Joakim aliziyeyusha, akazimimina kwenye kalibu, akakereza bushi mpya ya kupendeza, inayong'aa. Kisha akaishika mkononi bila kuitoa.

"Ngassa, hii ni shaba ya koki. Ni laini. Itakupa dakika ishirini, ukiwa na bahati nusu saa. Baada ya hapo itajikunja, oili itakosa njia, na injini itakamata ghafla, igome kuzunguka. Ikikamata uko mwendoni, tairi la nyuma linakamata nalo. Unanielewa?"

"Sihitaji nusu saa," alisema Ngassa. "Nahitaji waisikie."

Joakim akampa.

Siku yenyewe, ya kwanza ya mwezi wa saba, waliondoka alfajiri, Ngassa, Scola na mtoto, aitwaye Shida, wakiisukuma pikipiki njia nzima ili bushi isilike. Ngassa alishika usukani, Scola alisukuma kwa nyuma kwa mkono wake mmoja mzima, na Shida alikaa juu ya tangi, mahali alipozoea kuchezea nyumbani, akiunguruma kwa mdomo. Waendesha baiskeli waliobeba robota za pamba waliwapita wakiwapa pole. Jasho lilimtoka Ngassa hadi machoni. Moyoni alikuwa anajitetea kwa wasiokuwepo: Januarius hajui kuendesha vizuri, ataijaribu uani, itamfia pale pale, na tutakuwa tumekwisha kuondoka. Kuna mtu aliyewahi kufa kwa pikipiki kuzimika uani? Alilirudia swali hilo kila mwinuko.

Kwenye mlima wa mwisho kabla ya Kasoli alisimama, akafungua bomba la petroli, akapiga kiki. Iliwaka ya kwanza. Mlio ule, wa silinda mbili zinazopokezana, ulienea juu ya mashamba ya pamba, na Scola, ambaye hakuwa amecheka tangu Februari, akacheka.

"Mwangaluka," walisalimiwa bomani kwa Mhoja, na Ngassa, aliyeiendesha taratibu Scola na Shida wakimfuata kwa miguu, akaitikia akiwa bado juu ya kiti, injini ikinguruma chini yake, asije akaombwa kuiwasha upya. Wazee saba walisimama. Mhoja mwenyewe alikuja karibu, akaweka kiganja juu ya tangi, macho yakamlegea kama ya mtu aliyekutana na ujana wake.

"Ni yenyewe," alisema. "Imerudi."

Wazee wakaitikia mmoja baada ya mwingine: imerudi. Ilitosha. Scola alikuwa huru. Neno lilikwisha tamkwa, na hakuna ambaye angeweza kulimeza tena. Ngassa alishuka na kuizima. Alihesabu kichwani dakika ilizonguruma: kumi na mbili, labda kumi na tatu.

Hapo ndipo Januarius alipotoka nyumbani amevaa shati safi. Hakumtazama mkewe. Alimtazama mwanawe, na uso ukambadilika, maana mtu anaweza kuwa mnyama kwa mmoja na baba kwa mwingine.

"Basi nimuage," alisema. Akampakata Shida juu ya tangi, akapanda nyuma yake, akapiga kiki. "Nampeleka mnadani, aone watu. Tutarudi."

"Mshushe mtoto," alisema Ngassa. "Amechoka, amekuwa njiani tangu alfajiri."

"Sijachoka, guku," Shida alimjibu babu yake.

"Mshushe, Januarius. Hajazoea mwendo."

"Baba, leo umeshamchukua kwangu. Unataka na nusu saa hii pia?" Akaingiza gia.

Pikipiki ilianza kwenda. Ilizunguka uani mara moja, mtoto akipiga makofi, kisha ikaelekea kwenye njia ya gari, na Ngassa akasikia sauti ambayo wengine wote hawakuisikia: kitu kinagonga kwa ndani, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Alimtazama Scola. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, uso wake umenyooka, mwanamke huru wa dakika tano. Ngassa alitamani ardhi impasukie. Akakimbia.

Alikata kona kupitia kwenye zizi, akatokea mbele ya pikipiki akiwa ametanua mikono. "Zima! Itakamata! Bushi ni ya koki, nimeitengeneza ya uongo, itawaua!"

Januarius alishika breki kwa hofu. Wazee walikuwa wamekwisha kufika, wakihema. Mhoja aliuliza swali moja tu, "Uongo gani, mkwe wangu?" na Ngassa akayasema yote pale njiani, koki tatu, dakika ishirini, kusukuma tangu alfajiri. Hakuacha kitu.

Wazee walikwenda pembeni. Hawakukaa sana.

"Umemwokoa mjukuu wetu," alisema Mhoja, na sauti yake haikuwa na hasira, afadhali ingekuwa nayo. "Kwa hiyo hatukutozi faini ya udanganyifu. Lakini pikipiki haijarudi, na mwezi wa saba umeingia. Ichukue. Scola atabaki. Siku itakapokuwa nzima, ilete, naye utamchukua."

Ngassa alimgeukia binti yake. Alikuwa ametafuta maneno ya kumwomba msamaha, lakini Scola alikuwa anamshusha Shida kutoka kwenye tangi, anampangusa vumbi miguuni kwa ule mkono uliopinda.

"Ungenyamaza, ningemzika," alisema. "Twende nikusindikize, Baba."

Njia ya kutoka kwa Mhoja hupanda kidogo. Ngassa alishika usukani, akainama, akasukuma, na nyuma yake Scola akaweka mkono wake kwenye kiti kama asubuhi. Walikwenda bila neno. Walipofika kwenye uzio wa minyaa, ambapo boma linaishia, Ngassa hakugeuka nyuma, kwa sababu hakuweza. Alisikia tu pikipiki imekuwa nzito ghafla mikononi mwake, akajua kwamba mwanawe ameachia.