Vitambaa vya Mzizi wa Kichomi

Kaka yangu Hobart anajua kila kitu, na kuishi nyumba moja na mtu wa namna hiyo kwenye vilima hivi vya Ozark ni adhabu. Julai nilipokuwa nafunga vitambaa vyekundu kwenye maua yangu ya rangi ya chungwa, alisimama kwenye uzio akacheka mpaka akakohoa.

"Unayavisha magugu, Icie? Viatu utayanunulia lini?"

Nikamwambia mzizi wa maua hayo ndio mzizi wa kichomi, dawa ya mbavu, nao huchimbwa baridi ikikaribia, shina likishakauka na kupotea. Bila alama utachimba konde zima. Mama alifanya hivyo hivyo miaka yote. Nilijichosha bure. Wiki ile ile alifyeka majani ya nyumbu wake, maua na vitambaa vyangu humo humo, kisha akaja mezani kula mkate wangu wa mahindi bila haya.

Novemba kichomi kikamshika. Kila akivuta pumzi ubavu unamchoma, na jitu zima lile linalia. Mto ulikuwa umefurika na daktari alikuwa ng'ambo.

"Dada, ule mzizi wako..."

"Mzizi gani? Yale magugu?"

"Icie, nakufa mwenzio."

Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Niliogopa, nikakimbilia kondeni na jembe. Nyasi kavu tupu, huku na huko sawasawa. Nikarudi kwa hasira, nikamlaza Hobart na blanketi tatu kwenye kile kitoroli cha kuburuta mawe, nikamfunga nyumbu akivute, tukapanda kilimani. Aliyefyeka ndiye atakayeonyesha.

"Pale, penye jiwe," akasema kwa shida.

Nikachimba, hamna kitu.

"Basi pale, chini ya mwaloni."

Hamna. Na huyu ndiye mjuzi wetu! Kicheko kikanibana huku machozi yananitoka. Mara ya tano jembe likagonga mzizi mnene kama mkono wangu.

"Unachimba au unacheka?"

"Vyote viwili."

Alikunywa dawa siku tisa, akapona. Dukani akasimulia kwamba yeye ana mwili wa chuma, hata daktari hakumhitaji. Mzizi hakuutaja. Nilichukia.

Julai iliyofuata nikapanda kilimani kondeni na vitambaa vyangu. Nikakuta kila ua limeshafungwa kitambaa chekundu, fundo mara mbili. Nikainama nitazame vizuri. Mpumbavu yule alikuwa amechana aproni yangu ya karamu za kanisani.