Koplo wa Runinga

Askari wa zamu kituoni alimtazama yule dada mwigizaji kuanzia kofia hadi viatu, akaangua kicheko. "Koplo! Na sare yako kabisa!"

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Angeweza kubadilisha nguo kule studio. Aliacha makusudi, akidhani sare ya kuigizia itampa uzito, na sasa kila jicho pale kaunta lilikuwa likiikagua: vifungo vya plastiki, cheo kilichoshonwa upande. Nje ya runinga alikuwa mpangaji wa chumba kimoja, yeye na mdogo wake, fundi simu, ambaye juzi alizolewa na polisi kibandani pamoja na simu za wateja wake. Dada mtu alikuja kumtoa.

Katika tamthilia ile ya wapelelezi yeye hakuwa nyota. Nyota alikuwa inspekta. Koplo alifungua milango, alishika pingu, na kila mwisho wa kipindi alipiga meza na kusema: "Sema ukweli upumzike!" Basi. Kwa maneno hayo matatu watoto wa mtaani walimpigia saluti, na muuza nyanya alimshangaa: kumbe mtu wa kwenye runinga naye anachagua fungu la bei ya chini?

Mkuu wa kituo alitoka ofisini akitabasamu. "Dada yetu! Nyumbani kwangu hatukosi kipindi."

"Shikamoo mzee. Nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu. Zile simu ni za watu, walimpa azitengeneze."

"Tutaongea. Kwanza tuigizieni kidogo, wewe na yeye, vijana wafurahi. Mkifanya vizuri, nani atakunyima mdogo wako?"

Wakamleta. Jicho moja limefumba, mdomo umevimba, miguu mitupu. Wakamketisha mezani. Askari wa zamu akainua simu kurekodi.

Dada alitamani kukataa. Lakini mkono mtupu haulambwi, na yeye hakuwa na kingine cha kutoa. Akapiga meza.

"Sema ukweli upumzike!"

Chumbani kwao, mdogo wake ndiye aliyemsaidia kufanya mazoezi. Dada akiwa koplo, mdogo mtu alikuwa mtuhumiwa, na maneno ya mtuhumiwa aliyajua kama jina lake. Sasa alikunja mabega vilevile, akasema kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa:

"Ni mimi, afande. Niliiba. Zote."

Askari wakapiga makofi. Dada naye, Mungu amsamehe, alifurahi kidogo. Hakuwa amewahi kumwona mdogo wake akiigiza vizuri vile.

Mkuu akamvuta pembeni, akamnong'oneza. "Asante sana, dada. Tangu juzi tunamhangaikia, hataki kukiri."

"Mzee! Hayo ni maneno ya kwenye runinga!"

"Runinga iko wapi hapa? Mdomo si wake?" Akamgeukia askari wa zamu. "Imeingia?"

"Mwanzo umekatika, afande. Nilichelewa kuwasha."

"Warudie."

Dada alisimama mbele ya meza, sare inamwasha mwili mzima. Mdogo wake alimtazama kwa lile jicho lililobaki, kwa wasiwasi.

"Nimekosea wapi, dada?"

Kisha akaketi sawa, akakunja mabega, akasubiri meza ipigwe.